Faili la shamba lako la mpira linabaki na nani?

Naandika hii kwa watu wa mpira, wa huku kwetu Muheza na wale wa Kilombero na hata wa Unguja na Pemba, na zaidi sana kwa vijana wanaotumwa kuzunguka mashamba ya wazee na simu mkononi wakipiga nukta za kuonyesha kila shamba liko wapi kwenye ramani. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya kuzuia bidhaa zilizotoka kwenye ardhi iliyofyekwa msitu, ile EUDR, ina mambo mengi ndani yake ila lililonikaa rohoni ni moja. Ramani ya shamba inachorwa na mtu mwingine, inaondoka na mtu mwingine, na mwenye shamba anabaki na miti yake bila hata kipande cha karatasi. Hili jambo linaniuma kweli na nataka tulizungumze mapema kabla halijawa desturi.

Kwanza sheria yenyewe kwa ufupi maana wengi wameisikia juu juu. Namba yake ni 2023/1115, ilianza kuwa sheria Juni 2023, na inagusa ng'ombe, kakao, kahawa, mawese, soya, mbao na mpira, pamoja na vitu vinavyotengenezwa navyo, kwa hiyo tairi imo. Mzigo ukiingia Ulaya lazima ionekane kwamba haukutoka kwenye ardhi iliyokuwa msitu ukakatwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020, lazima uwe umezalishwa kwa kufuata sheria za nchi ulikotoka, yaani ardhi, mazingira, kazi, kodi, na kila shamba liwe na mahali pake panapojulikana kwenye ramani kwa koodineti, yaani namba za mahali, zenye tarakimu 6 baada ya nukta ya desimali. Anayejaza tamko la mwisho kwenye mfumo wao ni yule anayeingiza mzigo kule, lakini hawezi kujaza kitu bila data ya huku shambani, na akikosea kiwango cha juu cha faini hakitakiwi kuwa chini ya asilimia 4 ya mauzo yake ya mwaka ndani ya Umoja wa Ulaya. Sasa fikiria mwenyewe, mtu mwenye hatari ya namna hiyo mezani kwake atakubali kununua mpira ambao hajui ulikogemwa?

Utekelezaji umesogezwa mara mbili. Ulikuwa uanze mwisho wa 2024, ukapelekwa mwisho wa 2025, na sasa ni tarehe 30 Desemba 2026 kwa kampuni kubwa na za kati na 30 Juni 2027 kwa zile ndogo. Kila ukisogezwa nasikia watu wanasema hii kitu imeshakufa, turudi kwenye kazi. Haijafa jamani. Karibu asilimia 70 ya mpira wa asili duniani unaishia kwenye matairi, na watengenezaji wa matairi hawanunui kwa kushtukiza, wanapanga miezi mingi kabla, kwa hiyo maswali yanafika huku mapema kuliko tarehe iliyoandikwa kwenye sheria.

Na tuwe wakweli, sababu ipo. Kuna utafiti ulitoka 2023 kwenye jarida la Nature ukaonyesha kwamba Kusini Mashariki mwa Asia zaidi ya hekta milioni 4 za msitu zimepotea kwa ajili ya mpira tangu 1993. Hekta milioni 4! Sisi tunaokaa chini ya Usambara Mashariki tunajua msitu ukiondoka maana yake nini, mito yetu inashuka kutoka kule, Zigi inayonywesha mji wa Tanga inatoka kule juu Amani, na wazee wanakumbuka kipindi magogo yalivyokuwa yakishushwa na jinsi iliki ilivyokula msitu kwa chini huku kwa juu unaonekana umesimama. Amani ilitangazwa hifadhi ya mazingira asilia 1997 na haikuja bure, kuna watu waliacha mashamba yao ya iliki pale Derema ili msitu uungane. Kwa hiyo mtu asije akaniambia napinga sheria ya kulinda misitu. Naiunga mkono kwa moyo wote, ninachopigania ni mkulima naye awe na mkono wake ndani.

Mpira kwetu si mgeni. Wajerumani walipanda mpira huku tangu enzi za taasisi yao ya utafiti wa kilimo ya Amani, iliyoanzishwa 1902, wakapanda ule wa jamii ya muhogo uliotoka Brazili, na bei ilipoanguka mwaka 1913 kwa sababu ya mpira wa Asia mashamba yale yakaachwa. (Ule ule mti baadaye watafiti wa Amani wakauchanganya na muhogo kutafuta mbegu zinazohimili ugonjwa wa batobato, ndiyo maana ukoo wake umo kwenye mbegu nyingi za mihogo inayolimwa Afrika hadi leo, watu hawajui hili.) Kisha ukaja mpira wenyewe huu tunaougema, likawepo shamba la Kihuhwi hapa Muheza na la Kalunga kule Kilombero, yote kwa ajili ya kulisha kiwanda cha matairi cha General Tyre Arusha, na kiwanda kiliposimama mpira ukabaki unatafuta wanunuzi wa nje.

Sasa hapa kuna kitu ambacho wengi hawajakikalia chini wakakifikiria. Mti wa mpira unachukua miaka 6 au 7 tangu kupandwa mpaka uanze kugemwa. Maana yake utomvu unaodondoka kwenye kikombe mwaka huu 2026 unatoka kwenye mti uliopandwa 2020 au nyuma ya hapo, na kwa huku kwetu mara nyingi nyuma sana. Yaani kwenye lile swali kubwa la msitu, mpira wetu wa leo karibu wote unapita, ardhi yake ilikuwa shamba zamani. Shida inakuja kwa ile miti iliyopandwa 2021 na kuendelea, hiyo itaanza kutoa utomvu 2027, 2028, wakati sheria imeshaanza kung'ata, na kama kuna mtu alifyeka pori la mpakani na hifadhi akapanda mpira mwaka 2022, atagema kwa jasho lake na hakuna wa Ulaya atakayegusa. Mtu kama huyo aambiwe sasa hivi, asiambiwe siku analeta ndoo.

Halafu kuna mtego mwingine wa setilaiti ambao unawapata hata wasio na kosa. Kwa sheria hii msitu ni eneo linalozidi nusu hekta, yaani kama eka moja na robo, lenye miti inayozidi mita 5 na kivuli kinachofunika zaidi ya asilimia 10. Shamba la mpira lenyewe halihesabiwi msitu, limeandikwa wazi kwamba ni kilimo, sawa na michikichi au miti ya matunda. Lakini ramani haisomi sheria. Tume ya Ulaya ina ramani yake ya misitu ya mwaka 2020, ya kuangalizia tu wala hailazimishi, na ramani za namna hiyo huwa zinachanganya mashamba yenye miti mirefu na msitu. Shamba la Muheza lenyewe unalijua lilivyo, michungwa, minazi, fenesi mbili tatu, mikarafuu ukipanda juu kidogo, na mipira katikati, ukiliangalia kutoka angani ni kijani kitupu. Siku mzee anaamua kukata mipira iliyozeeka apande mipya, setilaiti inaona kijani kimeondoka, kompyuta ya mtu fulani Ulaya inawasha taa nyekundu.

Kwa hiyo kabla ya kukata mipira ya zamani piga picha. Piga mistari ya miti inavyoonekana imepangwa, piga makovu ya kisu kwenye magome maana mti wa msituni hauna kovu la kugemwa, piga visiki vikiwa kwenye mstari baada ya kukata, hakikisha simu imewekwa tarehe na mahali, halafu nenda kwa mtendaji wa kijiji akuandikie barua yenye mhuri kwamba shamba hilo lilikuwa la mpira tangu enzi. Umoja wa Ulaya umeiweka Tanzania kwenye kundi la hatari ya kati na hatukuingizwa kwenye kundi la nafuu, kwa hiyo hakuna njia ya mkato, na mamlaka za kule zinatakiwa kukagua angalau asilimia 3 ya waingizaji wanaoleta vitu kutoka nchi za kundi letu. Barua ya mtendaji na picha za kisiki ndiyo utetezi wako.

Niende kwenye kupima sasa, maana hapa ndipo penye kazi yenyewe.

Nilikwenda na mzee mmoja, naye ni baba yangu mdogo kwa ukoo, kupima kishamba chake. Nikamwamkia, tukakaa kidogo, nikamweleza. Akaniambia, "Mwanangu, hii miti nimemkuta baba yangu anaigema, hao wanataka kujua nini tena?" Nikamwambia wanataka kujua iko wapi tu. Akanyamaza halafu akauliza lile swali ambalo wazee wote wanauliza, wakishajua iko wapi ndiyo wanaichukua? Usimcheke mtu anayeuliza hivyo. Watu wa huku wamepimwa mara nyingi, wamepimiwa mkonge, wamepimiwa hifadhi, na upimaji mara nyingi umekuja kabla ya kuondolewa.

Tukaanza kuzunguka. Upande wa chini mpaka ni mnyaa, unajulikana, hakuna neno. Upande wa juu mpaka ni mwembe, lakini mwembe wenyewe ulishaanguka na kaka yake mzee alishafariki na watoto wa kaka wanasema mwembe ulikuwa hatua kadhaa zaidi huku. Wakatoka nyumbani wakasimama wanatuangalia. Pale nikaelewa kwamba kupima shamba ni kugusa mirathi, na kijana aliyetumwa na kampuni aliyepewa mashamba mengi ya kumaliza kwa siku hana muda wa mirathi ya mtu, atazunguka anapoonyeshwa, atahifadhi, ataondoka kwa bodaboda, na ameacha ugomvi nyuma yake.

Na cha kusikitisha ni kwamba wala haikuwa lazima. Sheria inataka mchoro wa mpaka mzima, poligoni, kwa shamba linalozidi hekta 4, hizo ni eka 10 hivi. Chini ya hapo nukta moja inatosha. Nukta moja tu! Wakulima wadogo wengi wana eka mbili, tatu, nne. Kwa mzee yule tulisimama katikati ya mipira yake, mahali ambapo hata watoto wa kaka hawabishani, tukachukua nukta, tukawaita nao wakaona, tukamaliza. Mpaka watausuluhisha kwenye baraza lao kwa wakati wao. Familia ikiwa imeelewana mimi napendelea poligoni kwa sababu ni ushahidi mzuri zaidi na inasaidia hata kufuatilia hati ya hakimiliki ya kimila, lakini pasipo na maelewano usichokoze.

Ila hiyo nukta moja ichukuliwe shambani. Nimeona mafaili ambayo nukta imepigwa barazani kwa mzee, kijana amekaa kwenye mkeka amekunywa chai akabonyeza simu, na ramani inaonyesha mpira unagemwa sebuleni. Chini ya mipira simu inahangaika kukamata setilaiti kwa sababu ya kivuli, namba zinarukaruka, kwa hiyo simama hapo dakika chache mpaka zitulie, au tafuta upenyo wa jua ndani ya shamba. Tarakimu ya sita baada ya nukta ni kama sentimita 11 ardhini na simu ya kawaida haifikii huko, lakini wanataka ziandikwe zote 6 na usizikate wala kujaza masifuri.

Kuna makosa mawili madogo yanayoharibu mzigo mzima. Sisi tuko kusini mwa ikweta, kwa hiyo latitudo yetu ina alama ya kutoa mbele yake, Muheza ni kama -5.17 kwa 38.78. Ukisahau ile alama shamba linahamia kusini mwa Ethiopia. Na kwenye aina ya faili wanayotumia, GeoJSON, inaanza longitudo ndiyo ifuate latitudo, kinyume na simu nyingi zinavyoonyesha. Ukizigeuza, shamba la Muheza linatua Hispania, na mfumo unasoma kwamba mpira wa mzee umegemwa huko Extremadura. Nimeliona hili kwenye faili la kweli, safu nzima ya wakulima wa kijiji kimoja, na mkulima hata mmoja hakuwa na nakala ya kumwambia mtu kwamba shamba langu haliko huko.

Sasa ndoo. Hekta moja ya mpira iliyotunzwa vizuri inatoa kama tani moja hivi ya mpira mkavu kwa mwaka, yetu mingi iko chini ya hapo. Kontena la futi 20 linabeba tani 20 hivi. Piga hesabu, kontena moja lina jasho la mashamba madogo kadhaa kwa kadhaa ndani yake. Mgemaji anaamka gizani, anagema kabla jua halijawa kali maana utomvu unatoka vizuri kukiwa na ubaridi, mwingine unakusanywa bado maji maji, mwingine unagandia kikombeni unakuwa bonge, mabonge yanaingia kwenye gunia, gunia linafika kituo cha kukusanyia, na pale kituoni yanamwagwa chini kwenye rundo moja. Kuanzia hapo hakuna binadamu anayeweza kusema bonge hili la nani. Sheria hairuhusu kuchanganya mpira unaojulikana na usiojulikana halafu ukahesabu asilimia. Ukishindwa kutenganisha, rundo zima linahesabika halijulikani, na gunia moja la mtu aliyepita njia limeharibu kazi ya kijiji kizima.

Kwa hiyo mimi nikiulizwa pesa ya kujiandaa iende wapi, nasema iende kituoni kwanza. Namba ya mkulima kwa rangi kwenye gunia lake, daftari lenye tarehe, namba, kilo na sahihi, rundo la waliopimwa liwe upande mmoja na la wasiopimwa upande mwingine, na ukuta au hata kamba katikati. Karani awe mtu wa kijijini anayewajua wenye mashamba, akiona mtu wa eka mbili analeta kilo ambazo eka mbili haziwezi kutoa anauliza. Daftari litunzwe, waingizaji wanatakiwa kuhifadhi kumbukumbu miaka 5 na wakikaguliwa watarudi huku kuuliza. Hayo yote yanawezekana kwa kalamu na rangi, wala hayahitaji programu ya fedha nyingi, na watu wanaouza programu hawatakwambia hivyo.

Nirudi kwenye lile linaloniuma. Kuna mnunuzi, simtaji, alileta vijana wakapima mashamba ya watu, wakapiga picha vitambulisho, wakapiga picha wazee wamesimama na miti yao, wakaondoka. Msimu uliofuata bei ikawa mbaya, watu wakataka kumuuzia mwingine, yule mwingine akasema leteni koodineti. Hawana. Wakampigia wa kwanza, akasema ile data ni mali ya kampuni. Hebu niambieni, mahali lilipo shamba la baba yangu mdogo panakuwaje mali ya kampuni? Gharama ya kupima walilipa wao, sawa, walipwe kwa njia nyingine, lakini mkulima asiyeweza kuonyesha shamba lake mwenyewe ameshakuwa kibarua kwenye ardhi yake.

Sheria yetu ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inatambua haki ya kimila kuwa na hadhi sawa na haki iliyotolewa kwa hati nyingine, kwa hiyo mkulima ana msingi wa kusimama na kudai. Ila madai ya baada ya mavuno ni magumu, yaanze kabla kijana hajawasha simu. Mimi kwa kila shamba ninalopima natuma faili lile lile kwenye WhatsApp ya mkulima au ya mtoto wake, natoa karatasi moja yenye koodineti, jina la kijiji, ukubwa, mwaka wa kupanda, na nakala ya tatu inakaa ofisi ya kijiji kwenye faili la karatasi la kawaida kabisa. Shamba linapimwa mara moja, linatumika kwa mnunuzi yeyote, na likitoka kwa baba kwenda kwa mtoto karatasi inaenda nalo.

Na bei iulizwe waziwazi. Thailand ambako mpira ndiyo maisha ya watu, mpira wenye ushahidi wa shamba umekuwa ukinunuliwa kwa bei ya juu kidogo kuliko ule usiojulikana, na shirika lao la mpira la serikali limeingia katikati kusajili wakulima. Huku kwetu sijaona mkataba wa mkulima mdogo wenye mstari wa nyongeza hiyo. Anapimwa, anatenganishiwa gunia, anawekewa namba, anapoteza nusu siku kuzungushwa shambani, na kilo inanunuliwa bei ile ile ya rundo. Mnunuzi akija msimu huu waambieni viongozi wenu wa kikundi wamuulize mbele ya watu: faili tunabaki nalo, na kilo iliyopimwa unaongeza shilingi ngapi? Akijibu la kwanza na kukwepa la pili, msisaini siku hiyo, mwambieni arudi na jibu la maandishi.

Kwa sasa naanza na mashamba yaliyopakana na hifadhi, yale ya juu, kwa sababu ndiyo yatakayotiliwa shaka mapema na wenye nayo wengi ni wazee. Mwenye mpira uliopandwa baada ya 2020 kwenye ukingo huo anitafute kwanza kabla ya kuwapa watu nukta zake, tukae tuangalie picha za zamani za setilaiti, zipo bure, tuone pale palikuwaje mwaka 2020.